Mtihani wa CNOR au uongozi wa tawi: muuguzi wa thieta aanze na lipi?

Wiki chache zilizopita mdogo wangu mmoja wa kutoka Kisii, ambaye sasa ana mwaka wa tatu thieta hapa Minnesota, alinipigia simu akitoka zamu ya usiku. Meneja wake alikuwa amemwambia kwamba hospitali itamrudishia ada ya mtihani wa CNOR, cheti cha uuguzi wa chumba cha upasuaji, akifaulu. Wiki hiyohiyo tawi la eneo lake la AORN, chama cha wauguzi wa thieta, lilikuwa linatafuta katibu, na mama mmoja anayemaliza muda wake akataja jina lake mbele ya kikao. Ana watoto wawili, anamsomesha kaka yake nyumbani, na Jumamosi zake nyingi ni za ovataimu. Nafasi ya kubeba yote mawili mwaka huu hana.

"Dada, nianze na lipi?"

Nilimjibu kwa kirefu kuliko alivyotarajia. Swali hili hunijia mara nyingi kutoka kwa wauguzi wenzetu wanaozungumza Kiswahili huku Marekani, na kila ninayemjibu ana haraka, kwa hiyo nimeona niliandike lote mara moja. Njia zote mbili nimezipita. Nilianza na mtihani. Leo, kwa wengi wetu tuliolelewa kule, nashauri kinyume.

Kwanza tujue tunalinganisha nini. CNOR ni cheti cha hiari. Leseni ya uuguzi ndiyo inayokuruhusu kumgusa mgonjwa. CNOR haikuongezei ruhusa yoyote ya kisheria. Inachosema ni kwamba muuguzi huyu amefanya kazi ya thieta kwa muda wa kutosha, kisha akaketi mbele ya mtihani mmoja wa nchi nzima akaufaulu. Kinatolewa na CCI, taasisi iliyoanza mwaka 1979. AORN ni kitu kingine. Ni chama cha wauguzi wa thieta, kilichochipuka New York mwaka 1949 kwa wasimamizi wa vyumba vya upasuaji waliokutana kubadilishana ujuzi, na leo ndicho kinachoandika miongozo ambayo hospitali nyingi za hapa huifuata. CCI na AORN zote zina ofisi eneo la Denver, Colorado, na ndiyo maana wengi hudhani ni mlango mmoja. CCI inakupima. AORN inakuita ufanye kazi na wenzako, na matawi yake yanaendeshwa na wauguzi wasiolipwa hata senti.

Wenzangu wa Kenya wana jambo moja zaidi la kuzingatia. Kule, anayetaka kuwa muuguzi wa thieta hurudi darasani, kwa mfano Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya (KMTC) kwenye diploma ya juu ya uuguzi wa upasuaji, na akitoka hapo ndipo anapotambuliwa. Huku mpangilio umegeuzwa. Unaajiriwa, unafunzwa kazini, thieta yenyewe ndiyo darasa, halafu ukishaiva unakwenda kuthibitisha. Usikae ukingoja mwalimu wa CNOR aje. Haji.

Na wewe uliye wadi ya upasuaji, mtihani wako unaitwa CMSRN, maswali 150 kwa saa 3, na chama chako ni AMSN. Aliye chumba cha kuamkia ana CPAN. Vipimo vinatofautiana, lakini nitakayoyasema hapa chini kuhusu kipi kitangulie yanakuhusu vilevile.

Mtihani unataka nini, na unarudisha nini

Ili ukubaliwe unahitaji leseni hai isiyo na vikwazo, uwe kwenye kazi ya thieta wakati unaomba, na uwe umekusanya miaka 2 na saa 2,400 katika kazi hiyo, angalau saa 1,200 kati ya hizo zikiwa ndani ya chumba cha upasuaji chenyewe. Anayefanya kazi saa 40 kwa wiki hufikisha saa 2,400 kwa wiki 60, kwa hiyo saa zitatimia kabla ya miaka. Aliye na mwaka mmoja thieta hana haja ya kuumiza kichwa kuhusu makala haya: mtihani haumtaki bado, na tawi linamtaka leo.

Siku yenyewe ni maswali 200 kwa saa 3 na dakika 45. Yanayohesabiwa ni 185. Mengine 15 yanajaribiwa kwa ajili ya mitihani ijayo, na huwezi kuyatambua. Alama ya kufaulu ni 620 kwenye mizani inayoishia 800. Gawanya muda uone: sekunde 67 kwa swali. Hapo ndipo sisi ambao Kiingereza ni lugha ya pili au ya tatu tunapobanwa, kwa sababu maswali hayaulizi ulichokariri. Yanakupa hali, yanakupa majibu manne yote yenye sura ya kweli, yanakutaka uchague la kwanza kufanya. Mimi nilisoma kila swali mara mbili, nikamaliza zikiwa zimebaki dakika 4, na nilipotoka nje nilishindwa kukumbuka gari nimeliegesha wapi.

Lakini faida kubwa ya CNOR niliiona kabla ya siku ya mtihani, mezani jikoni, watoto wamelala. Thieta inakufundisha yale yanayotokea kwako. Ukifanya kazi hospitali ya mifupa, utaijua mifupa. Mtihani unakulazimisha ujue na yale ambayo hujawahi kuyaona. Nitatoa mfano mmoja. Kuna wagonjwa wachache waliozaliwa na hitilafu ya misuli, ambao gesi za usingizi huwasha miili yao kama tanuri: misuli inakakamaa, kaboni dayoksaidi inapanda, kisha joto nalo linapanda. Dawa yake ni dantrolini, na kipimo cha kwanza ni miligramu 2.5 kwa kila kilo. Mgonjwa wa kilo 70 anahitaji miligramu 175. Chupa ya aina ya zamani ina miligramu 20 tu, kwa hiyo unahitaji chupa 9, na kila chupa inachanganywa na mililita 60 za maji safi ya sindano, si ya chumvi, halafu inatikiswa mpaka iwe angavu. Chupa tisa! Nilipoifanya hesabu ile usiku nilielewa kwamba kazi ya muuguzi pale si kukimbilia dawa peke yake. Ni kuita watu, wanne au watano, kila mmoja ashike chupa. Kesho yake nilikwenda kwenye toroli letu la dharura nikafungua droo moja moja kuangalia kama maji yapo ya kutosha. Nilikuwa nimepita mbele ya toroli lile kila siku kwa miaka.

Yapo mengine ya namna hiyo. Dawa ya kusafishia ngozi yenye spiriti inatakiwa kukauka angalau dakika 3 kwenye ngozi isiyo na nywele kabla ya shuka kutandikwa, la sivyo mvuke wake, kisu cha umeme na oksijeni vinakutana. Nilikuwa nangoja ikauke kwa sababu wenzangu walingoja. Baada ya kusoma nilijua ninangoja nini.

Faida ya pili ni kwamba cheti ni chako. Hakipigiwi kura, hakiishi na muhula wa uongozi, na ukihama Minnesota ukaenda Texas kinahama na wewe. Kwa mgeni mwenye lafudhi hili si jambo dogo. Herufi nne kwenye beji zinajibu swali ambalo watu hawakuulizi usoni. Madaktari wanafunzi walianza kuniuliza vitu ambavyo zamani walinipita mezani kwangu kwenda kuwauliza wengine.

Pesa sitaki kuwadanganya. Hospitali nyingine huongeza mshahara, nyingine hutoa bahasha mara moja, nyingine hukupongeza kwa keki. Uliza kabla hujajiandikisha, na uliza kwa kujiamini, kwa sababu hospitali nayo ina faida yake hapo. Zinazowania Magnet, heshima inayopewa hospitali zenye uuguzi bora, hutakiwa kuonyesha zina wauguzi wangapi wenye vyeti, na CCI huzipa jina la CNOR Strong zile ambazo angalau nusu ya wauguzi wake wanaostahili wamekipata. Meneja anayekusukuma ufanye mtihani anakutakia mema na anajaza fomu yake pia. Basi muombe ada, vitabu, na siku mbili za kusoma zenye malipo. Mbaya zaidi atakuambia hapana.

Cheti hudumu miaka 5. Kukihuisha unakusanya pointi, na hapa pana jambo ambalo watu hulipita haraka: kazi ya kujitolea katika chama imo miongoni mwa shughuli zinazokupa pointi hizo. Nitalirudia.

Uongozi wa tawi unataka nini

Kwenye karatasi unataka kidogo. Uwe mwanachama uliyelipa, upendekezwe, wenzako wakupigie kura. Tawi lina mwenyekiti, mwenyekiti mteule anayejifunza kazi, katibu, mhazini, na kamati ambazo nyingine zina watu wawili tu. Kuna pia wajumbe wanaotumwa kwenye mkutano mkuu wa chama kila mwaka, ambako wanapiga kura kwa niaba ya tawi.

Kwa muda halisi unataka zaidi ya mtihani. Mtihani una mwisho. Unajinyima miezi minne, unalia kidogo, unafanya, umemaliza. Uongozi unakuja kwa vipande vidogo visivyoonekana: barua ya mzungumzaji aliyeghairi, ukumbi uliofungwa, risiti iliyopotea, kikao cha jioni baada ya saa kumi na mbili za kusimama. Jumamosi moja ya mafunzo ya tawi ni Jumamosi moja ya ovataimu uliyoikosa, na sote tunajua ovataimu ile huenda wapi. Karo. Dawa za mama. Mfuko wa saruji. Sitasema pesa hizo si kitu. Nilipokuwa mhazini nilikosa zamu za Jumamosi kama tano kwa mwaka, na nilimwambia mume wangu mapema ili lisitokee neno baadaye.

Na hakuna herufi za kuandika mbele ya jina. Ukimaliza muda wako unapewa cheti cha shukrani na kiti chako anakalia mwingine.

Tena si kila tawi lina uhai. Nimeona tawi ambalo watu wawili wanafanya kila kitu na wengine ni majina kwenye orodha. Ukikubali ukatibu hapo, ndani ya miezi sita wewe ndiye tawi. Hudhuria vikao viwili kwanza. Angalia kama mwenyekiti anagawa kazi au anaikumbatia, angalia kama ajenda inaisha, na ukiona hali si nzuri omba kamati ya elimu badala ya cheo. Kamati ya elimu ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi hata pale tawi lilipo imara, maana anayemtafutia mwenzake mada ya kufundisha huishia kuisoma yeye kwanza, na matawi mengi huwa na kikundi cha kujisomea CNOR humo humo.

Sasa nieleze kwa nini, pamoja na gharama zote hizo, ninaupa uongozi uzito mkubwa hivi.

Kitambaa cha ishirini

Ilikuwa saa nane za usiku, tumbo limefunguliwa kwa sababu ya utumbo uliotoboka. Mimi nilikuwa muuguzi wa kuzunguka, yule asiyevaa glavu za upasuaji, anayeleta vitu na kuandika. Vile vitambaa vikubwa vya tumbo huja vitano vitano, na kila kimoja kina uzi unaoonekana kwenye eksrei. Ubaoni nilikuwa nimeandika 5, 5, 5, 5. Kabla ya kufunga tukahesabu pamoja na muuguzi wa skrabu, yule anayempa daktari vyombo, kwa sauti, kidole kwa kidole. Kumi na tisa. Tukarudia. Kumi na tisa. Nikapekua ndoo, nikakung'uta mashuka, nikapiga magoti kuangalia chini ya meza. Kumi na tisa.

Daktari alikuwa ameshaomba uzi.

Nikasema, "Daktari, samahani, hesabu haijakaa sawa." Nilisema kwa sauti ile ya mtoto anayekatiza sebuleni mbele ya wageni. Mashine ya kufyonza ilikuwa inanguruma, redio inalia, naye hakunisikia, au alisikia akadhani bado natafuta. Akapokea sindano.

Muuguzi wa skrabu alikuwa mama wa miaka kama sitini. Hakupiga kelele. Alilaza kiganja chake juu ya vyombo mezani, akasema, "Tunasimama. Kitambaa kimoja kimo ndani." Daktari akasimama. Akaingiza mkono taratibu, akakitoa nyuma ya ini, kimelowa damu na kujikunja, hakizidi ngumi ya mtoto. Akasema asante, wakaendelea. Yote hayo hayakuchukua dakika tatu.

Wiki ile kitabu cha mtihani kilikuwa mkobani mwangu, na sura ya hesabu nilikuwa nimeimaliza. Ungeniuliza kwa karatasi ningekujibu bila kusita: unahesabu kabla ya kuanza, kila kinapoongezwa kitu, kabla ya kufunga kiungo kilicho wazi ndani ya mwili kama vile mfuko wa uzazi, jeraha linapoanza kufungwa, ngozi inapofungwa, na muuguzi anapompokeza mwenzake bila kurudi tena. Yote nilikuwa nayo kichwani. Mgonjwa yule angekwenda nyumbani na kitambaa tumboni, nami nimejua kila kanuni.

Asubuhi, tukibadilisha nguo, nilimuuliza yule mama alijifunzia wapi kusema vile. Nilidhani atataja shule. Alisema amekuwa mwenyekiti wa tawi mara mbili, na kwamba mtu akishazoea kumsimamisha mwenzake anayekula muda wa kikao, thieta haimtishi tena. Mwezi uliofuata nilikwenda kikaoni kwa mara ya kwanza.

Sisi tumelelewa kumwamkia mkubwa na kungoja tuulizwe. Heshima hiyo ni mali, na sitaki mtu aitupe. Lakini thieta ina dakika ambazo kungoja kuulizwa ni hatari, na hakuna swali la kuchagua jibu linaloweza kukufundisha kufungua mdomo. Vikao vilinifundisha mimi. Mara ya kwanza niliposimama kama mhazini nikiwaambia watu thelathini kwamba ada haitoshi na bajeti yao ya chakula ipunguzwe, magoti yalinitetemeka. Mwenyekiti wa zamani akanipinga. Nikarudia hoja yangu, mtu mmoja akaiunga mkono, ikapigiwa kura, ikapita, na baada ya kikao mwenyekiti yule yule akanimiminia kahawa. Hapo ndipo nilipoona kwamba mtu anaweza kumpinga mkubwa hadharani, kwa adabu, na undugu ukabaki. Miezi sita baadaye nilimsimamisha daktari kwa sababu glavu yake iligusa mtungi ambao haukuwa umetakaswa. Sauti ilitoka yenyewe.

Jambo hili lina ushahidi ulio karibu nasi kuliko tunavyodhani. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha ya usalama wa upasuaji mwaka 2008, vipengele 19 vya kusomwa kwa sauti mara tatu, kabla ya usingizi, kabla ya kisu na kabla ya mgonjwa kutoka, ilijaribiwa katika hospitali za miji 8. Mmoja ulikuwa Ifakara, Tanzania, sambamba na Seattle, London na Toronto. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Ukiitazama orodha ile, kabla ya kisu kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake. Na mwishoni ni muuguzi anayesema kwa mdomo kwamba hesabu ya vyombo, vitambaa na sindano imetimia. Karatasi ile haiokoi mtu ikinyamaziwa. Anayeisoma lazima awe na sauti, na mara nyingi ni muuguzi wa kuzunguka.

Kwa hiyo, wewe

Kama uko chini ya miaka 2 thieta, ingia kamati ya tawi sasa. Hupotezi chochote.

Kama umetimiza muda na unajijua kwamba husita kusema, tangulia na uongozi kwa mwaka mmoja, kisha mtihani. Najua Wamarekani wengi watakushauri kinyume, cheti kwanza, cheo baadaye, na kwao ni ushauri mzuri. Wengi wao walifundishwa kuinua mkono na kubisha tangu chekechea. Upungufu wao mara nyingi uko kwenye vitabu. Wetu, kwa wengi niliowaona, hauko huko. Tunasoma sana, tumezoea mitihani, tumevuka NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi wa huku, tukiwa ugenini.

Kama sauti unayo, na kuna wetu wanayo tangu siku ya kwanza, basi fanya mtihani bila kuchelewa. Vilevile kama unapanga kuhama hospitali au jimbo ndani ya mwaka: tawi unaliacha nyuma, cheti unakibeba. Na ukiwa na mtoto mchanga, acha vyote viwili. Vitakungoja.

Usichanganye uongozi na safari za kujitolea, kama zile za meli za Mercy Ships zinazofanya upasuaji kwenye bandari za Afrika. Ni kazi njema na ningependa wengi tuende. Lakini huko unakwenda kutoa mikono yako, mara nyingi kwa gharama yako mwenyewe, chini ya mpango uliopangwa na wengine. Kuongoza wenzako ni zoezi jingine.

Kwa anayewaza kurudi nyumbani siku moja, nina neno. CNOR haichukui nafasi ya diploma ya juu ya KMTC wala usajili wa Baraza la Wauguzi la Kenya, wala wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Utaheshimiwa kwa ujuzi wako, ila karatasi za huko zina njia zake. Uzoefu wa kuendesha kikao, kupanga mafunzo na kulinda hela za wanachama unatumika vilevile ndani ya vyama vya wauguzi vya kwetu, NNAK ya Kenya ama TANNA ya Tanzania. Vyama hivi vinahitaji watu waliokwisha kuzoea kazi hiyo.

Na zile njia mbili, kama nilivyogusia, hukutana. Ukishapata CNOR, saa zako za kujitolea huingia kwenye pointi za kuihuisha. CCI nayo huwaita wenye vyeti wajitolee kuandika maswali ya mtihani. Ningefurahi sana kuona muuguzi wa kwetu akikaa kwenye kamati ile, akiangalia swali na kusema: sentensi hii inampima mtu Kiingereza, haimpimi uuguzi, tuiandike upya.

Mdogo wangu wa Kisii alichukua ukatibu. Mtihani ameupanga mwakani, na meneja amekubali kwa maandishi kwamba ahadi ya ada itabaki. Juzi alinitumia kumbukumbu za kikao chake cha kwanza nizipitie kabla hajazisambaza. Kiingereza safi, tarehe sawa, hoja zote zimepangwa, kila aliyependekeza jambo ametajwa kwa jina. Isipokuwa aya ya nne, kuhusu tawi kuanzisha kikundi cha kujisomea cha Jumapili mchana kwa wanaofanya zamu za usiku. Hapo aliandika tu kwamba ilipendekezwa, ikaungwa mkono, ikapita kwa kura zote.

Nikampigia simu. "Hili la Jumapili nani alilipendekeza?"

Akanyamaza kidogo. "Mimi, dada."

"Basi andika jina lako."

Nikasikia vidole vyake kwenye kibodi.